Udaktari wa mifugo: uusomee Morogoro kisha utoke nje, au uufuate hukohuko nje?

Wiki moja, maswali mawili. La kwanza lilinikuta Pongwe, hapa Tanga, asubuhi, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, nimesimama kati ya baiskeli zenye madumu. Binti wa jirani, matokeo yake ya kidato cha sita yametoka, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) safi kabisa. "Shikamoo mjomba. Udaktari wa mifugo nikausomee Ulaya, au niende zangu SUA, Morogoro?" La pili lilinifuata nyumbani Makorora baada ya magharibi. Kijana ana shahada ya SUA mkononi mwaka wa pili sasa, anauza dawa kwenye duka la pembejeo la mtu, na amesikia Uingereza wanawatafuta madaktari wa mifugo kwa tochi. "Mjomba, natokaje?"

Ukiyasikia haraka utadhani ni swali moja. Binti anatafuta chuo, kijana anatafuta leseni, na anayechanganya hivi viwili ndiye anayeuza shamba la mzee halafu anajikuta anafanya kazi ya kufua mashuka. Daktari wa mifugo hatibu kwa sababu ana shahada. Anatibu kwa sababu amesajiliwa na baraza la nchi aliyopo. Hapa kwetu lipo Baraza la Veterinari, kwa Sheria ya mwaka 2003. Uingereza wana lao, na Marekani kila jimbo lina lake. Kwa hiyo kabla hujauliza ada ni kiasi gani, uliza shahada hiyo inaingia wapi bila mtihani, na ni wapi itabaki kizingitini inabisha hodi. Nitazilinganisha njia zote kwa kipimo hicho kwanza, pesa baadaye.

Morogoro

SUA, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ilianza kuitwa chuo kikuu mwaka 1984, ikapewa jina la Edward Sokoine aliyefariki mwaka huohuo kwa ajali ya gari palepale Morogoro. Shahada ya udaktari wa mifugo ni miaka 5. Unahitaji Baiolojia na Kemia za nguvu, mkopo wa Bodi ya Mikopo unaweza kuuomba, na ada kwa Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya ile utakayoikuta Ulaya. Ukipata homa, mama anapanda basi stendi ya Kange asubuhi na jioni yuko kitandani kwako. Hilo halimo kwenye kitabu cha mwongozo wa chuo chochote, lakini ni mali.

Ninachokipenda zaidi SUA ni wagonjwa. Mwanafunzi wa Morogoro hamalizi bila kugusa ndama mwenye ndigana kali: matezi yamevimba chini ya sikio, pumzi zinakatika, povu puani. Ugonjwa huu unaletwa na kupe, na ndio unaomaliza ndama wetu Muheza na Korogwe. Wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki, kwa kuwa uliingia Rhodesia mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na ng'ombe waliopakiwa melini kutoka pwani hii hii na kushushwa Beira. Yaani ugonjwa wetu ulienda nje kabla yetu, na haukuombwa viza. Kimelea chake kikaitwa Theileria, kwa jina la Arnold Theiler, daktari wa mifugo kutoka Uswisi aliyehamia Afrika Kusini mwaka 1891 kutafuta riziki, akapoteza mkono wa kushoto kwenye mashine ya kukatia majani, na bado mwaka 1908 akaanzisha maabara ya Onderstepoort. Kwa hiyo daktari wa mifugo kuhama nchi si jambo jipya, ila zamani wao ndio waliokuja huku.

Udhaifu wa shahada ya SUA ni huo wa mlangoni. Kwa Uingereza, Marekani, Kanada au Australia haipiti bila mtihani wa baraza la huko. Haimaanishi ni mbovu. Mabaraza hayo hayajakikagua chuo na kukiidhinisha kwa utaratibu wao, basi.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimewekeana makubaliano ya kutambuana madaktari wa mifugo, kwa hiyo kwa jirani mambo ni mepesi zaidi. Na kama unataka kusoma nje lakini si mbali, Makerere na Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi wanafundisha shahada hiyo hiyo, na kwa mtu wa Tanga mpaka wa Horohoro uko karibu kuliko Morogoro. Ila sioni utapata nini huko ambacho SUA hakipo, labda umekosa nafasi.

Wa kidato cha nne wanaoingia chuo cha mifugo cha LITA Buhuri hapa Tanga wajue jambo moja mapema: stashahada ya afya ya mifugo ni kazi nzuri na ina soko vijijini, lakini nje ya nchi haikufanyi daktari. Utaajiriwa kama msaidizi, tena ukibahatika. Njia ya kueleweka ni kutoka Buhuri kwenda SUA kwanza.

Budapest

Chuo cha udaktari wa mifugo cha Budapest, Hungaria, kilianza mwaka 1787, na tangu 1989 kinafundisha kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mihula 11, yaani miaka mitano na nusu. Wanafunzi wa nje wamejaa huko. Ukimaliza, shahada yako ni ya Umoja wa Ulaya, na hiyo ndiyo sababu ya kuitaja: ukiomba usajili Ireland au Ubelgiji huanzi na mtihani kama anavyoanza wa SUA. Kibali cha kuishi na cha kufanya kazi ni habari nyingine. Pasipoti yako itabaki ya Tanzania.

Sasa pesa. Ada inazidi euro 10,000 kwa mwaka, kabla hujapanga chumba wala hujanunua koti. Zidisha kwa miaka mitano na nusu. Kuna vyuo vya namna hiyo hiyo Košice huko Slovakia na kwingine Ulaya ya Mashariki, na tofauti ya bei si ya kukufanya ulale usingizi. Binti asiye na mdhamini wala baba mwenye malori, mimi humwambia afunge ukurasa huo.

Pretoria

Hapa ndipo ninapokaa zaidi, kwa sababu watu wa huku hawapafikirii kabisa. Onderstepoort ileile ya Theiler ilizaa kitivo cha udaktari wa mifugo mwaka 1920, leo kiko chini ya Chuo Kikuu cha Pretoria, na ndicho pekee Afrika Kusini nzima. Miaka 6. Baraza la Uingereza linaitambua shahada yao, Australia na New Zealand vilevile, kwa hiyo mhitimu wa Pretoria anajisajili London bila kufanya mtihani ambao wa SUA ataufanya kwa jasho. Na bado yuko Afrika: anasoma kupe, anasoma ndigana, anasoma mbuzi, anasoma nyati na faru.

Ubaya wake: nafasi za wageni ni chache na zinagombaniwa, na lazima uwe na alama za kutisha. Halafu wahitimu wa huko huwekewa mwaka mmoja wa lazima wa kutumikia jamii kabla ya kufungua kliniki hukohuko, kwa hiyo hesabu yako inaweza kufika miaka saba. Lakini ukinilazimisha nichague chuo kimoja cha nje kwa mtoto wa Tanga anayetaka milango miwili, wa kurudi nyumbani na wa kwenda duniani, nitasema Pretoria kabla hujamaliza swali.

Bure yenye lugha ndani yake

Ujerumani watu wameisikia: chuo cha umma hakitozi ada. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na vyuo vya udaktari wa mifugo viko vitano, Berlin, Giessen, Hannover, Leipzig na München. Mtego ni kwamba masomo ni kwa Kijerumani, cha kiwango cha kusoma anatomia, si cha kuombea chai. Nafasi za wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya ni chache. Na kabla ya viza utawekewa sharti la akaunti maalumu yenye euro 11,904 za mwaka mmoja, ambayo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Kwa bei ya mtamba mwenye mimba huku kwetu, hilo ni zizi zima limekaa benki.

Uturuki naiona nyepesi zaidi kwa mtoto wa maskini mwenye akili. Ufadhili wao wa Türkiye Bursları unalipa ada, bweni na posho, na unakupa mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki kabla ya kitivo. Udaktari wa mifugo wenyewe ni miaka 5. Ila kwa shahada ya kwanza wanataka uwe hujafika miaka 21, kwa hiyo huwezi kukaa kijiweni miaka mitatu ndipo ukumbuke. India nako wanasoma miaka mitano na nusu kwa Kiingereza, na ng'ombe wa maziwa wa joto wanawajua. Uturuki na India zote mbili, ukimaliza, usitegemee mlango wa London ufunguke bila mtihani; uliza kwanza chuo chako kinatambuliwa wapi. Huenda umesafiri mbali, umefika palepale. Kama sababu yako ni ufadhili, sawa. Kama sababu ni leseni ya Ulaya, huenda hujaongeza kitu.

Uingereza yenyewe kwa shahada ya kwanza ni zaidi ya pauni 30,000 kwa mwaka kwa mgeni. Vyuo vya Edinburgh, Glasgow na London vimeidhinishwa hata na chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kwa hiyo milango inafunguka pande zote mbili za bahari. Marekani kwenyewe udaktari wa mifugo ni miaka minne inayokuja juu ya masomo mengine ya chuo kikuu. Sijamwona mtu wa Tanga aliyelipa hayo kwa mfuko wake, na sitayaandikia zaidi.

Sasa kijana mwenye BVM, shahada ya udaktari wa mifugo

Huyu habari yake ni tofauti. Chuo kimeshapita, kinachobaki ni mtihani.

Uingereza wanaompokea mgeni ni RCVS, baraza lao. Mgeni wa shahada isiyotambuliwa hufanya mtihani wao wa usajili, wa kuandika kisha wa vitendo, kwa Kiingereza, na kabla ya hapo athibitishe Kiingereza chenyewe kwa mtihani wa lugha: IELTS ya kitaaluma kwa wastani wa 7, au OET kwa daraja la B. Ada ya mtihani ni ya maelfu ya pauni. Mtu hulipa, hufeli sehemu, hurudia. Lakini njia ni fupi na imenyooka, na kazi ipo: daktari wa mifugo huko anaweza kuombewa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi na kliniki inayomtaka.

Marekani ni ngazi. Utaratibu wa AVMA kwa wahitimu wa nje, ECFVG, una hatua nne: kuhakiki vyeti, Kiingereza, mtihani wa maswali 225 wa sayansi za msingi na tiba, kisha mtihani wa vitendo wa siku tatu wenye sehemu saba, kuanzia kulaza mnyama kwa dawa ya usingizi na upasuaji mpaka farasi na kupasua mzoga. Juu yake kuna NAVLE, mtihani wa leseni wa maswali 360, ambao hata Wamarekani wenyewe wanaufanya, halafu masharti ya jimbo. Mishahara ya huko inavutia, lakini huo ni mradi wa miaka na wa maelfu ya dola, na ile sehemu ya farasi ndiyo inayowaangusha watu wetu. Farasi wa Tanga ungewahesabu kwa vidole. Kanada na Australia wana mitihani ya ukoo huohuo.

Nikimwekea kijana nchi hizi mbili mkono huu na mkono huu, namwambia Uingereza kwanza, isipokuwa ana ndugu Marekani wa kumlaza na kumlisha wakati anasoma.

Ghuba wengi wanaiona ya karibu, maana nani Tanga hana shangazi Maskati? Kule kazi ni ngamia wa mashindano, kozi wa kuwindia (Abu Dhabi wana hospitali nzima ya ndege hawa tangu 1999), mifugo ya kuagizwa na siku hizi paka wa matajiri. Mtihani si mgumu kama wa Magharibi na kodi haikati mshahara. Lakini ukaazi wako uko mkononi mwa kafili, yaani mwajiri anayekudhamini. Mkataba ukivunjika, na wewe umevunjika. Nenda ukiwa na mkataba uliousoma, si ulioahidiwa kwenye simu, na usiende kama "mchunga wanyama" ukitegemea kupandishwa kuwa daktari ukifika.

Yale ambayo hakuna anayeyasema kwenye semina

Nilikaa Uskochi mwaka mmoja kwa shahada ya uzamili, na siku za mapumziko niliomba kukaa kliniki ya mtaani kuangalia. Asubuhi nzima mbwa. Mchana paka. Ng'ombe nilimwona dirishani. Daktari wa mifugo mijini Ulaya ni daktari wa mbwa na paka, na kijana wa Tanga aliyelelewa Kishafii, aliyefundishwa mate ya mbwa yanaoshwa mara saba na moja kwa udongo, atalambwa mkono kabla ya saa tatu asubuhi. Mimi sikupata shida: glavu, sabuni, na nikifika chumbani natimiza yangu. Lakini niliona wenzangu wakipata shida, na bora uipate ukiwa bado uko Tanga kuliko ukiwa umeshalipa. Nguruwe vivyo hivyo. Kwenye mitihani yumo, na machinjioni ambako madaktari wengi wa kigeni huanzia kazi Uingereza, yumo kila siku.

Jingine ni sindano ya mwisho. Mbwa ana miaka kumi na minne, figo zimekwisha, familia imemzunguka inalia, na wewe ndiye unayemlaza asiamke. Siku nyingine wanne. Huku mnyama wa namna hiyo hufa mwenyewe au huchinjwa mapema, hakuna anayekuita kwa hilo. Nilidhani ni jambo dogo. Jioni ya kwanza nilishindwa kula, na mwenye kliniki, mama mtu mzima, akanitengenezea chai bila kuniuliza kitu.

Na baridi, ndiyo. Lakini baridi ina koti.

Njia ya tatu

Kuna mlango ambao hauna mtihani wa leseni kabisa: utafiti na afya ya jamii. Ukiwa na BVM nzuri unaweza kuomba shahada ya uzamili au ya uzamivu Uingereza kwa ufadhili wa Jumuiya ya Madola, Ujerumani kwa DAAD, shirika lao la ufadhili, au Ubelgiji na Uholanzi. Wanakuchukua kama mtafiti, hawakuulizi leseni ya kutibu mbwa. Edinburgh wana hata uzamili wa mambo ya afya ya wanyama unaosomwa kwa mtandao, ukiwa umekaa zako Raskazone na upepo wa bahari. Kutoka hapo watu hufika ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huko Roma, au maabara za chanjo.

Na mtu wa Tanga asijione mdogo kwenye njia hii. Mbung'o walioimaliza nagana ya Unguja, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o wenyewe, walifugwa hapa Tanga. Madume yakahasiwa kwa mionzi, yakapandishwa ndege wiki kwa wiki na kumwagwa juu ya misitu ya kisiwa, yakapandana na majike yasizae, mpaka mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o tena. Dunia nzima ya wataalamu wa wadudu inaijua kazi hiyo. Nilipotaja kule Uskochi kwamba natoka Tanga, mzee mmoja wa maabara alinivutia kiti.

Anayesoma shahada ya kwanza nje naye asisahau kurudi kuna foleni yake. Shahada itapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa, halafu Baraza la Veterinari ndipo likusajili. Aliyesoma Budapest atakuwa hodari wa picha za eksirei na upasuaji, lakini mfugaji wa Muheza atamletea ndama mwenye matezi, na atamtazama anavyotazama.

Binti nilimwambia ajaze SUA leo na Türkiye Bursları dirisha likifunguka, na kama alama zake ni zile ninazozidhania, aandike Pretoria pia, hata wakimkatalia. Budapest asubiri mpaka ajulikane nani analipa. Kijana nilimwambia aache kutafuta wakala, asajiliwe kwanza na Baraza hapa, aombe Morogoro nakala rasmi za matokeo yake zikiwa kwenye bahasha zilizofungwa, aanze OET, na Jumamosi aje tuzunguke naye kwa watu wenye mbwa wa ulinzi, akajizoeze kushika mbwa kabla hajamshika wa Mwingereza.

Jumamosi alikuja. Binti naye jana kanipigia. Hakuuliza Uturuki wala Morogoro. Babake anataka kujua Pretoria kuna futari.